Gemu za CD au za kaseti: Ipi inarudisha mtaji Ipogolo?

Na Mwandishi Wetu, Iringa

BIASHARA ya vibanda vya gemu za televisheni ni miongoni mwa biashara ndogo ambazo mtu huzifungua kwa haraka na kuzifunga kwa haraka. Mahitaji yake ni machache: televisheni moja, mashine moja, padi mbili, benchi na soketi ya umeme. Kwa kijana wa Ipogolo, hapa chini ya mlima wa mji wa Iringa ambako mabasi na malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma hupita usiku na mchana, kupata wateja si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni uamuzi anaoufanya kabla hajafungua mlango: anunue mashine ya zamani inayotumia CD au ile inayotumia kaseti?

Wengi huamua kwa kutazama bei ya mashine peke yake. Safu hii inakusudia kuonyesha kuwa bei ya mashine ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Kinachomrudishia mtu mtaji wake, au kinachoula, ni mambo matatu: kitu gani kinakufa kwanza ndani ya mashine, gemu zilizo kabatini zimeshika fedha kiasi gani, na televisheni iliyo mbele ya mteja inaingiza shilingi ngapi kwa siku.

BIDHAA ZENYEWE SOKONI

Kaseti ya gemu ni kiboksi cha plastiki chenye kibao cha umeme na chipu ndani yake. Haina kitu kinachozunguka. Mashine iliyoitangaza zaidi duniani ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japan mwaka 1983 na kuingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Baadaye zikafuata Mega Drive ya Sega mwaka 1988, Super Famicom mwaka 1990 na Nintendo 64 mwaka 1996.

Mashine za CD zilipata nguvu baada ya kampuni ya Sony kutoa PlayStation nchini Japan tarehe 3 Desemba 1994. PlayStation 2, inayotumia CD na DVD, na ambayo husoma pia CD za mtangulizi wake, ilitoka Machi 2000. Hadi leo ndiyo mashine ya gemu ya mezani iliyouzwa kuliko zote, ikiwa imepita milioni 155.

Mfanyabiashara na aelewe jambo moja mapema. Mashine hizi zote zimekwisha kuacha kutengenezwa na wenyewe. Famicom ilisimamishwa mwaka 2003, PlayStation ya kwanza mwaka 2006, na PlayStation 2 ilifikia mwisho wake mwanzoni mwa mwaka 2013. Kwa hiyo PlayStation 2 halisi unayoiona sokoni, kwa kawaida, ni mtumba, hata kama imefutwa vumbi na kuwekwa kwenye boksi linalong'aa. Nayo mashine mpya ya kaseti unayouziwa ikiwa ndani ya nailoni yake, karibu kila mara ni nakala ya Famicom iliyotengenezwa na viwanda vingine. Hizi ni bidhaa mbili tofauti: moja ni kitu halisi kilichochoka, nyingine ni kitu kipya kisicho halisi. Kila moja ina hasara ya aina yake.

SOMO LA MWAKA 1996

Uamuzi unaomkabili kijana wa Ipogolo uliwahi kuyakabili makampuni makubwa, nao ulihusu mabilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Nintendo na Sony walikuwa wakishirikiana kutafuta njia ya kuiunganisha Super Famicom na CD. Juni 1991, katika maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Nintendo ikajitenga na Sony na kutangaza kuwa itafanya kazi na Philips. Sony ikaendelea peke yake, na matunda yake yakawa PlayStation.

Ulipofika mwaka 1996 Nintendo ilibaki na kaseti kwa ajili ya Nintendo 64. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Kaseti huwaka papo hapo, wakati PlayStation ilisoma CD kwa kasi ya kilobaiti 300 kwa sekunde na kumwacha mchezaji akisubiri. Kaseti ni ngumu kunakili. Tena huvumilia mikono ya watoto.

Lakini hesabu za biashara zilikuwa upande wa pili. Kaseti kubwa kabisa ya Nintendo 64 ilibeba megabaiti 64, wakati CD moja hubeba takribani 650. Kutengeneza kaseti kulikuwa ghali na kulichukua wiki nyingi, hivyo mchapishaji wa gemu alilazimika kukisia mapema ni ngapi zitauzwa na kuzilipia kabla. Akikisia kidogo, anakosa wateja. Akikisia kupita kiasi, mzigo unamdodea. CD ilikuwa nafuu na iliweza kuchapwa upya kwa muda mfupi. Bei ya rejareja ikaonyesha tofauti hiyo: gemu za PlayStation Marekani zilikuwa zikiuzwa kwa dola 40 hadi 50, za Nintendo 64 zikifika 60 na hata 70.

Wachapishaji wakahama. Maarufu zaidi ni kampuni ya Square, ambayo gemu yake ya Final Fantasy VII ilitoka mwaka 1997 kwenye PlayStation ikiwa na CD tatu. Mwishowe PlayStation iliuza zaidi ya mashine milioni 102, na Nintendo 64 ikaishia karibu milioni 33.

Hatari ya mzigo wa kaseti ilikuwa imekwisha kuonekana kabla ya hapo. Mwaka 1983 kampuni ya Atari ya Marekani ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na sehemu ya kaseti zake zilizododa ikazikwa dampo huko Alamogordo, katika jimbo la New Mexico. Zilifukuliwa Aprili 2014 mbele ya kamera. Mwenye duka lenye kabati la kaseti asizozijua soko lake na akumbuke dampo hilo.

CD INAKULA POLEPOLE

Ubaya wa CD hauonekani siku ya kununua. Ndani ya mashine mna mota, reli na lenzi ya leza, na vyote huchoka. Lenzi ikichoka, mashine huanza kuchagua: inasoma CD hii na kuikataa ile, kisha inasoma ikiwa ya baridi na kugoma ikipata moto, na mwisho haisomi kabisa. Vumbi la barabarani wakati wa kiangazi huharakisha safari hiyo, na kibanda kilicho kando ya maegesho ya malori hakikosi vumbi.

CD za kuchoma zinaongeza mzigo huo, kwa sababu hurudisha mwanga hafifu kuliko CD za kiwandani na lenzi iliyozeeka hupata taabu kuzisoma. Tena CD yenyewe hukwaruzika. Mchezaji anayeitoa kwa hasira baada ya kufungwa mabao matano haishiki pembeni kama inavyotakiwa.

Hata hivyo, CD ina sifa ambayo kaseti haina: ladha ya soko ikibadilika, mwenye kibanda habaki na mzigo mkubwa mikononi. Wateja wakichoka na gemu moja ya mpira, fedha iliyolala kwenye CD ile ni ndogo.

KASETI INAKULA MARA MOJA

Mashine ya kaseti haina lenzi wala mota. Kinachoharibika ni padi, waya wa umeme na miguso ya shaba mahali kaseti inapochomekwa. Miguso ikishika kutu au uchafu, picha hukatika au skrini hubaki tupu. Desturi ya kuipuliza kaseti kwa mdomo haisaidii. Unyevunyevu wa pumzi ndio unaozidisha kutu. Dawa yake ni pamba yenye spiriti kidogo na subira ya dakika chache ikauke. Kwa kaseti halisi zinazohifadhi hatua aliyofikia mchezaji, nyingi zina betri ndogo ndani ambayo hufa baada ya miaka, na fundi hulazimika kuichomea nyingine.

Tatizo la kaseti liko kwenye yaliyomo. Kaseti za nakala huandikwa juu idadi ya kutisha, gemu elfu tisini na tisa au zaidi, lakini ukizifungua unakuta ni kadhaa tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Mteja hugundua ndani ya siku mbili. Zaidi ya hayo, ni gemu za miaka ya 1980. Mtoto wa miaka tisa atafurahi. Kondakta anayesubiri basi lake anataka mpira wenye timu anazozijua, na huo yuko tayari kuulipia zaidi.

HESABU YA MEZA MOJA

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila msomaji aweke bei za mtaani kwake.

Tuseme mashine ya CD ya mtumba pamoja na padi mbili ni sh. 150,000, na inapata michezo minane kwa siku kwa sh. 500 kila mmoja. Kwa siku 26 za kazi, mapato ni sh. 104,000 kwa mwezi. Ondoa umeme sh. 10,000, CD nne sh. 8,000 na matengenezo ya padi sh. 10,000.

Sasa tuhesabu lenzi. Tuseme inabadilishwa kila baada ya miezi minne kwa sh. 30,000. Wengi huishia hapo. Wanasahau kuwa wakati kifaa kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam, meza imesimama. Ikisimama siku sita, mapato yaliyopotea ni sh. 24,000. Gharama ya kweli ya lenzi ni sh. 54,000, yaani sh. 13,500 kwa mwezi. Ukiiondoa nayo, kinachobaki ni sh. 62,500.

Upande wa kaseti, tuseme mashine ni sh. 40,000. Michezo ni minane vilevile, lakini wateja ni watoto na bei ni sh. 200. Mapato kwa mwezi ni sh. 41,600. Ondoa umeme sh. 8,000, kaseti moja mpya sh. 10,000 na padi sh. 6,000. Kinachobaki ni sh. 17,600.

Ukigawa bei ya mashine kwa faida ya mwezi, mashine ya CD inarudisha fedha yake kwa miezi 2.4 na ya kaseti kwa miezi 2.3. Mtu atasema ziko sawa, basi achukue ya bei nafuu. Hapo ndipo mtaji unapopotea.

Mashine haichezwi hewani. Zote mbili zinahitaji televisheni. Tukiikadiria kwa sh. 200,000, mtaji wa meza ya CD ni sh. 350,000 na unarudi kwa miezi 5.6. Mtaji wa meza ya kaseti ni sh. 240,000, nao unarudi kwa karibu miezi 13.6. Na bado hatujagusa kodi ya pango, ambayo mwenye nyumba haipunguzi kwa sababu umeweka mashine ya bei rahisi. Kodi ya sh. 20,000 kwa mwezi inameza faida yote ya meza ya kaseti na kudai zaidi. Meza ya CD inabaki na sh. 42,500.

Kwa maneno mengine, kitu adimu katika kibanda ni nafasi mbele ya televisheni. Anayeweka bidhaa ya sh. 200 mahali panapoweza kuuza ya sh. 500 anajipunja kila siku, hata kama mashine yake haiharibiki.

Hesabu hugeuka pale ambapo televisheni ipo tayari na pango halilipwi. Mama mwenye duka la vyakula, ambaye televisheni yake hukaa kimya mchana, anaweza kuongeza mashine ya kaseti ya sh. 40,000 akapata chenji ya kila siku kutoka kwa watoto baada ya masomo. Kwake hakuna lenzi ya kumsumbua wala fundi wa kumtafuta, na akiona haimlipi amepoteza kidogo.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi wa mashine ya mtumba, awe Kariakoo, Mwanjelwa mjini Mbeya au hapa Iringa, na aigeuze mashine na kusoma kibandiko cha chini. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japan mara nyingi ni ya volti 100, na ya Marekani ni 120. Ukiichomeka moja kwa moja, unaweza kuiua kabla haijaingiza hata shilingi. Gharama ya transfoma ya kushusha umeme iingizwe kwenye bei.

Kwa PlayStation 2, namba ya modeli huanza na herufi SCPH. Katika modeli za masoko makuu, tarakimu zake mbili za mwisho hueleza ilikotoka: 00 ni Japan, 01 Marekani na 04 Ulaya. Mashine za Ulaya hutumia mfumo wa picha wa PAL kama televisheni zetu. Za Japan na Marekani hutumia NTSC, na katika baadhi ya televisheni za zamani picha hutoka bila rangi. CD halisi ya Ulaya pia haisomeki kwenye mashine ya Marekani ambayo haijafunguliwa.

Usikubali kuonyeshwa mashine ikisoma CD moja kwa dakika mbili. Nenda na CD zako, moja ya kiwandani na nyingine yenye mikwaruzo kidogo. Iache iwake nusu saa ipate moto, kisha ubadilishe. Mashine za mezani za zamani zina waya wa njano, mweupe na mwekundu. Angalia kama televisheni yako bado ina matundu hayo, la sivyo utanunua kigeuzi cha HDMI.

Ipo pia njia ya tatu inayopendwa na mafundi: kuiacha lenzi ipumzike na kucheza kutoka kwenye hadi diski au flashi. PlayStation 2 nene hupokea hadi diski kwa kutumia adapta yake ya mtandao. Flashi hufanya kazi, lakini soketi ya USB ya mashine hiyo ni ya kasi ya zamani na video hukwama. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo, inayokaa kwenye memori kadi, haifanyi kazi kwa kawaida kwenye baadhi ya mashine nyembamba za mwisho za SCPH-90000. Ulizia modeli kabla ya kulipia huduma.

Hapa ni lazima tuseme wazi: kunakili gemu na kuzitumia kibiashara bila idhini kunagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hali hiyo ni ileile kwa CD ya kuchoma, kwa hadi diski na kwa kaseti yenye gemu mia. Mwekezaji asiyeihesabu hatari hiyo hajamaliza hesabu zake.

KUNUNUA ILI KUWEKA

Baadhi ya wasomaji wanafikiria kununua vitu hivi na kuviweka mpaka vipande bei, wakichochewa na habari kama ile ya Julai 2021, kaseti ya Super Mario 64 ilipouzwa katika mnada wa Heritage nchini Marekani kwa dola milioni 1.56. Ni kweli kwamba kwa kuhifadhi, kaseti inashinda CD: haikwaruziki na haina lenzi. Lakini kaseti ile ilikuwa haijafunguliwa tangu kiwandani, ikiwa ndani ya boksi lake, na imepewa daraja la juu la ubora. Kaseti ya nakala, hata ikikaa miaka hamsini, itakuwa nakala ya zamani. Kaseti halisi iliyotumika, isiyo na boksi, inaweza kupata mnunuzi, ila mnunuzi huyo yuko mbali, na gharama ya kumfikia ni ya muuzaji.

USHAURI WA WIKI

Anayelipa pango na kutegemea vijana wa stendi na bodaboda achukue mashine ya CD ya mfumo wa Ulaya, na siku ya kwanza kabisa aweke kando fedha ya lenzi. Kwa mfano wetu, ni sh. 520 kwa kila siku ya kazi. Akiwa na meza mbili, anunue mashine za modeli moja ili vifaa viingiliane, na lenzi moja ya akiba ikae kwenye droo. Lenzi ya droo inaokoa siku sita za kufunga meza.

Mwenye televisheni iliyopo na wateja watoto achukue kaseti, asinunue zaidi ya moja kwa mwezi, na aijaribu kaseti nzima kabla ya kulipa. Anayekopa kwenye kikundi asikubali marejesho ya miezi mitatu kwa biashara ambayo hesabu yake inasema miezi sita.

Kijana anayeshuka Ipogolo na boksi mkononi mara nyingi ameshalipa nauli, mashine na kodi ya mwezi wa kwanza. Swali la kumuuliza ni moja: lenzi ikifa wiki ijayo, fedha ya kuibadilisha iko wapi? Kama hana jibu, bado hajawa na mtaji wa kibanda. Ana bei ya mashine tu.